Protini, Mishipa ya Damu na Kiharusi: Somo la Kufikiri kwa Ushahidi

Katika vipindi vya Sayansi vya shule za msingi, ni sentensi chache zinazorudiwa kama hii: "Protini hujenga mwili." Mwalimu huiandika ubaoni, wanafunzi huinakili katika madaftari, na siku ya mtihani huirudisha kama walivyoipokea. Sentensi hiyo ni ya kweli. Upungufu wake ni kwamba haimwachii mwanafunzi swali lolote la kuuliza. Protini hujenga vipi? Mabaki ya ujenzi huo huenda wapi? Na kazi hiyo ikiharibika, mwili hupata madhara gani?

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu mwanafunzi kujibu maswali hayo kwa kutumia mfano mmoja, yaani uhusiano wa asidi amino na afya ya mishipa ya damu, hasa kuhusu ugonjwa wa kiharusi. Tumeuchagua mfano huu kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba kiharusi hakiko mbali nasi. Utafiti uliofanywa kati ya mwaka 2003 na 2006 katika wilaya ya Hai na katika jiji la Dar es Salaam ulionyesha kwamba, baada ya kurekebisha tofauti za umri, watu wapatao 109 katika kila watu 100,000 walipata kiharusi kwa mwaka huko Hai, na wapatao 316 huko Dar es Salaam. Si ajabu basi mwalimu kumkuta darasani mtoto ambaye nyumbani kwao yumo mzee aliyepooza upande mmoja.

Ya pili ni kwamba neno la mwalimu huvuka kizingiti cha darasa. Mtoto akiambiwa shuleni kwamba mchicha huzuia kiharusi, jioni atamweleza babu yake. Na babu anayemeza vidonge vya shinikizo la damu kila siku aweza kuona kwamba vidonge hivyo si lazima tena, maadamu mchicha uko shambani. Sentensi moja iliyopita mipaka ya ushahidi yaweza kumgharimu mtu mkono, mguu, ulimi au uhai. Kwa hiyo hapana budi tujizoeze kusema kile tu ambacho ushahidi unakibeba, na kuwafundisha watoto kufanya vivyo hivyo.

1. Mshipa wa damu na kiharusi

Ubongo ni kama sehemu moja ya hamsini ya uzito wa mwili, lakini hutumia takriban sehemu moja ya tano ya oksijeni yote ambayo mwili uliopumzika huitumia. Tena hauna ghala ya kuweka akiba. Damu ikikatika kwa dakika chache tu, chembe hai za sehemu iliyokosa damu huanza kufa. Hicho ndicho kiharusi. Hutokea kwa njia mbili: ama mshipa huziba, mara nyingi kwa damu iliyoganda, ama mshipa hupasuka na damu kumwagika katika ubongo. Sababu kubwa kuliko zote ni shinikizo la damu lililopanda na kukaa juu kwa muda mrefu bila kutibiwa. Kisukari, uvutaji wa sigara na baadhi ya magonjwa ya moyo huongeza hatari.

Walimu wengi huueleza mshipa wa damu kama bomba. Mfano huo wafaa kwa kuanzia, lakini haufai kwa kumalizia, kwa kuwa bomba ni kitu kisicho na uhai. Upande wa ndani wa mshipa umetandikwa utando mwembamba wenye safu moja tu ya chembe hai, na utando huo hufanya kazi usiku na mchana. Mwaka 1980 mtaalamu wa Marekani, Robert Furchgott, alionyesha jambo hili kwa vipande vya mishipa ya sungura. Vipande vilivyokuwa na utando mzima vililegea vilipotiwa kemikali iitwayo asetilikolini; vile ambavyo utando wake ulikuwa umekwanguliwa havikulegea. Ikadhihirika kwamba utando ndio unaotoa ishara ya kuulegeza mshipa. Baadaye ishara hiyo ilitambuliwa kuwa ni gesi ya nitriki oksaidi, na mwaka 1988 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba chembe za utando huitengeneza kutokana na arginini, ambayo ni mojawapo ya asidi amino. Mwaka 1998 Furchgott, pamoja na Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel kwa ugunduzi wa kazi ya gesi hiyo katika mwili.

Hapo sentensi yetu ya ubaoni imekwisha kupanuka. Vipande vya protini havijengi tu. Vingine hugeuzwa kuwa ishara zinazouamuru mshipa ulegee na kuruhusu damu ipite.

2. Safari ya methionini

Protini ni mfano wa shanga zilizotungwa katika uzi, na kila shanga ni asidi amino. Ziko aina 20 zinazotumika kutungia protini za mwili. Aina 9 kati ya hizo mwili wa mtu mzima hauwezi kuzitengeneza, kwa hiyo lazima zitoke katika chakula. Methionini ni mojawapo ya hizo 9. Imo kwa wingi katika mayai, samaki na nyama. Maharage yanayo kidogo, lakini yana lisini nyingi. Mahindi yamepungukiwa lisini, lakini kwa methionini yanayazidi maharage. Ndiyo sababu ugali kwa maharage ni chakula kinachokamilishana, na mwalimu anayewaeleza watoto hivyo amewapa sababu ya heshima ya kukithamini chakula cha kwao.

Shughuli yote ya mwili ya kuvunja, kujenga na kugeuza vitu hivi huitwa umetaboli. Methionini inapofanya baadhi ya kazi zake hutoa kipande chake kidogo, na kinachobaki mwishoni huitwa homosisteini. Hii nayo ni asidi amino, ila haimo katika zile 20 za kutungia protini. Ni kitu cha kupita njiani, na hapo kilipo pana njia panda.

Njia ya kwanza ni ya kurudi: homosisteini hugeuzwa kuwa methionini tena. Njia hii huhitaji vitamini mbili, yaani foleti na vitamini B12. Njia ya pili ni ya kwenda mbele: homosisteini hugeuzwa, kwa hatua, kuwa sisteini, ambayo mwili huitumia kwa kazi nyingine. Njia hii huhitaji vitamini B6. Katika kila njia yupo kimeng'enya ambaye tunaweza kumfananisha na bawabu, na vitamini ni ufunguo alioushika. Bawabu asipokuwapo, au ufunguo ukikosekana, mlango haufunguki vizuri, na homosisteini hujazana katika damu.

Katika damu ya mtu mwenye afya homosisteini kwa kawaida haizidi maikromoli 15 kwa lita. Ikizidi mno, huudhuru utando wa ndani wa mshipa, huipunguza ile nitriki oksaidi tuliyoitaja, na huifanya damu iwe rahisi kuganda. Mwalimu aangalie hapa asije akawafanya watoto waiogope methionini au chakula chenye protini. Methionini ni ya lazima kwa uhai. Tatizo liko katika kufungika kwa milango, nalo ndilo la kufundisha.

3. Watoto wawili wa Boston

Ilijulikanaje kwamba homosisteini ina uhusiano na mishipa ya damu? Habari hii ina manufaa makubwa kwa mwalimu, kwa kuwa inaonyesha namna akili ya mwanasayansi inavyopiga hatua.

Mwaka 1962 watafiti wa Belfast, Ireland ya Kaskazini, waliupima mkojo wa watoto wenye ulemavu wa akili na kukuta baadhi yao wanatoa homosistini nyingi, yaani homosisteini mbili zilizoungana. Ugonjwa huo wa kurithi ukaitwa homosistinuria. Katika aina yake iliyo maarufu zaidi, bawabu wa njia ya kwenda mbele ana kasoro tangu kuzaliwa.

Miaka michache baadaye Kilmer McCully, mtaalamu wa patholojia katika hospitali ya Massachusetts General mjini Boston, alizichunguza habari za watoto wawili waliokufa. Wa kwanza alikuwa mvulana wa miaka 8 aliyekufa kwa kiharusi mwaka 1933, na ambaye ugonjwa wake ulitambuliwa miaka mingi baadaye kuwa ni homosistinuria. Mishipa ya mtoto huyo ilikuwa imekuwa migumu na minene kama ya mzee. Wa pili alikuwa mtoto mchanga wa miezi kama 2. Mishipa yake nayo ilikuwa imeharibika vivyo hivyo. Lakini kasoro ya mtoto huyu ilikuwa nyingine kabisa: kwake ulikuwa umefungika mlango wa kurudi, ule unaohitaji vitamini B12.

Sasa tufikiri kama McCully. Mlango wa mbele ukifungika, homosisteini huzidi, na methionini nayo huzidi, kwa sababu njia ya kurudi ingali wazi. Mlango wa kurudi ukifungika, homosisteini huzidi, lakini methionini hupungua. Watoto hao basi walitofautiana katika methionini, wakatofautiana katika kasoro, wakatofautiana hata katika umri. Kilichokuwa kimoja kwao ni kuzidi kwa homosisteini; na madhara ya mishipa yalikuwa ya namna moja. Mwaka 1969 McCully alichapisha maoni yake kwamba homosisteini yenyewe ndiyo iliyoiharibu mishipa, na akauliza kama kiasi kidogo zaidi cha kitu hicho hakichangii pia ugumu wa mishipa kwa watu wengine wasio na ugonjwa huo wa kurithi. Wakati huo macho ya wengi yalikuwa yameelekea kwenye kolesteroli, na swali lake lilingoja miaka mingi kabla ya kusikilizwa.

4. Kutoka watoto wawili hadi maelfu ya watu

Tafiti zilizofuata ziliwapima watu wengi, zikaona kwamba wenye homosisteini nyingi hupata kiharusi zaidi kuliko wenzao. Je, hapo swali lilikuwa limekwisha? La. Siku za matope watu wengi hubeba miavuli, lakini miavuli haileti matope. Vyote viwili huletwa na mvua. Vivyo hivyo, figo zikidhoofika homosisteini hupanda, na udhaifu wa figo nao huambatana na shinikizo la damu na kiharusi. Yawezekana basi homosisteini ikawa mwavuli tu katika mambo mengine.

Njia ya kulijua hilo ni majaribio: watu hugawanywa kwa bahati nasibu, wengine hupewa vitamini za kupunguza homosisteini na wengine hawapewi, kisha wote hufuatiliwa kwa miaka. Majaribio hayo yalifanywa, na matokeo yake ni funzo kubwa.

Mwaka 2004 yalitangazwa matokeo ya jaribio la watu 3,680 waliokwisha kupata kiharusi. Kundi lililopewa vitamini nyingi lilipungukiwa homosisteini, lakini katika miaka miwili halikupungukiwa viharusi vya kurudia kuliko kundi lililopewa vitamini kidogo. Mwaka 2006 jaribio lingine, la watu 5,522 wenye umri wa miaka 55 na zaidi, lilionyesha kwamba vitamini hazikupunguza mishtuko ya moyo wala vifo vya ugonjwa wa moyo. Ila viharusi vilikuwa 40 kwa kila watu 1,000 waliopewa vitamini, na 53 kwa kila 1,000 wasiopewa.

Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya jaribio la China, la watu 20,702 wenye shinikizo la damu ambao hawajapata kiharusi wala mshtuko wa moyo. Wote walipewa dawa ya shinikizo iitwayo enalaprili, na nusu yao waliongezewa asidi foliki, ambayo ni foleti ya kutengenezwa. Baada ya miaka kama 4 na nusu, viharusi vilikuwa 27 kwa kila 1,000 katika kundi lililoongezewa, na 34 kwa kila 1,000 katika kundi la dawa peke yake.

Kwa nini matokeo hayalingani? Huenda sababu mojawapo ni chakula. Nchini Marekani unga wa nafaka uliamriwa utiwe asidi foliki tangu mwaka 1998, hasa kwa ajili ya kuzuia kasoro za uti wa mgongo kwa watoto wanaozaliwa. Kwa hiyo watu wengi huko walikuwa wamekwisha kupata vitamini hiyo kabla ya kupewa kidonge. Washiriki wa China hawakuwa na unga wa namna hiyo. Anayeongezewa maji katika mtungi uliojaa hafaidiki kama anayeongezewa katika mtungi uliopungua.

Wanachuo watie mstari chini ya jambo moja. Katika jaribio la China asidi foliki iliongezwa juu ya dawa ya shinikizo. Haikuwekwa mahali pake. Hakuna jaribio kati ya haya linalompa mtu ruhusa ya kuacha dawa ili ale mboga au ameze vitamini.

5. Andalio la somo

Maarifa ya mwalimu ni mapana kuliko somo la mwanafunzi. Majina kama homosisteini si ya kuwabebesha watoto wa shule ya msingi. Kinachofaa kuwafikia ni wazo la njia panda, wazo la mshipa ulio hai, na desturi ya kuuliza, "Tumejuaje?" Tunapendekeza somo la vipindi viwili vya dakika 40 kwa Darasa la Sita.

Shabaha. Mwishoni mwa somo mwanafunzi aweze: (a) kueleza kwa maneno yake kwa nini mshipa mwembamba hupitisha damu kidogo, (b) kuonyesha kwa mchezo jinsi kitu kinavyojazana mwilini njia yake ikifungwa, (c) kutaja dalili tatu za kiharusi na hatua ya kuchukua.

Zana. Mabua mawili ya majani ya mpapai yenye urefu wa sentimita 20 na upana sawa, udongo laini wa mfinyanzi, chupa ya plastiki iliyokatwa iwe faneli, kikombe, maji, chaki na kadi mbili zilizochorwa ufunguo. Mwalimu ayakate mabua mapema na kuyaosha, kwa kuwa utomvu wa mpapai huwasha macho na ngozi.

Hatua ya kwanza: mshipa. Paka udongo ndani ya bua moja ili njia yake iwe nyembamba. Wanafunzi wamimine maji katika kila bua na kuhesabu sekunde hadi kikombe kijae. Kabla ya kumimina, kila mmoja atabiri na kuandika utabiri wake. Baada ya hapo waulize: "Mshipa wetu unatofautiana vipi na bua hili?" Wasaidie wafikie jibu kwamba mshipa una uhai, na kwamba upande wake wa ndani waweza kuuamuru ulegee.

Hatua ya pili: mchezo wa njia panda. Chora maduara matatu uwanjani: Duara la Ujenzi, Njia Panda na Duara la Kutokea. Simamisha mabawabu wawili kwenye Njia Panda, mmoja kwenye mlango wa kurudi katika Duara la Ujenzi, na mwingine kwenye mlango wa kwenda katika Duara la Kutokea. Kila bawabu ana kadi ya ufunguo. Watoto 4 waanze katika Duara la Ujenzi. Kwa kila kofi la mwalimu, mtoto mmoja mpya huingia katika Duara la Ujenzi, kana kwamba ametoka katika chakula. Wawili huondoka hapo kwenda Njia Panda. Kisha kila bawabu mwenye ufunguo hupitisha mtoto mmoja tu. Piga makofi manne, halafu hesabuni.

Katika mzunguko wa kwanza milango yote iwe wazi. Duara la Ujenzi litabaki na watoto 4, na Njia Panda itakuwa tupu. Katika mzunguko wa pili mnyang'anye ufunguo bawabu wa mlango wa kutokea. Duara la Ujenzi litakuwa na 4, na Njia Panda itakuwa na 4. Katika mzunguko wa tatu rudisha ufunguo huo, na umnyang'anye bawabu wa mlango wa kurudi. Duara la Ujenzi litakuwa halina mtu, na Njia Panda itakuwa na 4. Andika hesabu hizo ubaoni, kisha uulize swali ambalo McCully alijiuliza: "Katika mizunguko miwili iliyoharibika, ni nini kilichotofautiana, na ni nini kilichokuwa kimoja?" Usilijibu wewe. Wape dakika za kunong'onezana. Darasa litakapoona lenyewe kwamba msongamano wa Njia Panda ndio uliokuwa kotekote, litakuwa limefikiri kama mwanasayansi.

Hatua ya tatu: funguo ziko wapi? Wanafunzi waorodheshe vyakula vya mahali pao. Foleti hupatikana katika mboga za majani, maharage, kunde, choroko, maini na machungwa. Jina la asidi foliki limetokana na neno la Kilatini la jani. Vitamini B12 hupatikana kwa asili katika vyakula vya wanyama tu: samaki, dagaa, nyama, maziwa na mayai. Vitamini B6 imo katika ndizi, viazi, samaki na nyama. Foleti huharibiwa kwa kuchemshwa muda mrefu, tena huvuja katika maji yanayomwagwa. Kwa hiyo mchicha na matembele yapikwe kwa muda mfupi na maji machache. Mwalimu asisahau kutenga kisamvu: hiki lazima kitwangwe na kupikwa barabara, kwa sababu majani ya muhogo yana sumu inayoondolewa kwa kufanya hivyo.

Hatua ya nne: dalili. Wafundishe watoto kuangalia mambo matatu: uso umekwenda upande, mkono au mguu mmoja umelegea ghafla, maneno hayatoki au hayaeleweki. Moja tu kati ya hayo likitokea ghafla, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, na saa ya kuanza kwa dalili ikumbukwe. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, mahali inapopatikana, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, tena baada ya picha ya ubongo kuonyesha kwamba mshipa haukupasuka. Njiani asipewe chakula, maji wala kidonge chochote, kwa kuwa aweza kupaliwa, na kwa kuwa hakuna anayejua kwa macho kama mshipa umeziba au umepasuka.

6. Maswali yanayotarajiwa

Mtoto aweza kuuliza, "Mwalimu, si husemwa kwamba mtu wa namna hiyo amepigwa na jini?" Swali hili lisichekwe, maana huenda limetoka katika nyumba yenye mgonjwa. Yafaa mwalimu ajibu kwa upole kwamba madaktari wanapopiga picha ya ubongo wa mgonjwa wa kiharusi huweza kuona mahali penyewe palipoharibika, na kwamba kila saa inayopita nje ya hospitali huongeza madhara. Jibu hili halimtukani mtu, na linampeleka mgonjwa mahali anapopasa kwenda.

Mwingine atauliza, "Mtoto naye hupata kiharusi?" Jibu ni ndiyo. Katika nchi zetu sababu moja inayojulikana sana ni ugonjwa wa selimundu. Chanzo chake ni badiliko la asidi amino moja katika himoglobini, ambapo valini imekaa mahali pa asidi glutamiki. Chembe nyekundu hupinda, hukwama na kuvunjika. Nazo zikivunjika humwaga vitu vinavyoipoteza arginini na nitriki oksaidi, ile ishara ya kuulegeza mshipa. Mwalimu mwenye mwanafunzi wa selimundu azijue zile dalili tatu kama anavyojua majina ya darasa lake, na asichelewe kwa kudhani kwamba ugonjwa huu ni wa wazee.

Wa tatu atauliza, "Basi nikila mchicha sitapata kiharusi?" Hapa ndipo mwalimu hupimwa. Jibu la kweli ni hili: mboga za majani huupa mwili funguo unazozihitaji, na ni vizuri kuzila kila siku, lakini kiharusi kina sababu nyingi, na kubwa kuliko zote ni shinikizo la damu. Aliyepewa dawa aendelee nayo, na mboga ale pia. Sentensi hizo ziandikwe ubaoni na kunakiliwa, kwa kuwa ndizo zitakazofika nyumbani.

Hitimisho na mazoezi

Katika somo hili tumetoka katika sentensi fupi ya ubaoni, tukapita kwa watoto wawili, tukafika kwa maelfu ya watu. Watoto wawili walitosha kuzaa wazo. Hawakutosha kulithibitisha kwa watu wote. Majaribio yalilipunguza wazo hilo ukubwa bila kuliua. Mwalimu anayeielewa tofauti hiyo atafundisha chakula bora kwa moyo wote, na hatamwahidi mtu jambo ambalo chakula hakiwezi kulitimiza.

Wanachuo wajadili maswali haya kabla ya mazoezi ya kufundisha:

1. Eleza kwa nini mtoto wa pili wa Boston alikuwa wa lazima katika hoja ya McCully. Kama angekuwapo wa kwanza peke yake, ni maelezo gani mengine yangewezekana?

2. Katika jaribio la China, viharusi vilikuwa 27 na 34 kwa kila watu 1,000. Mtu mmoja asema upungufu ni kama asilimia 21. Mwingine asema ni watu 7 katika 1,000. Onyesha kwa hesabu kwamba wote wamesema kweli, kisha ueleze ni usemi upi ungeutumia mbele ya wazazi, na kwa nini.

3. Tunga mfano wako wa "mwavuli na matope" unaotokana na maisha ya kijiji au mtaa utakaofundisha.

4. Mzazi anakuja shuleni na kusema, "Mwanangu amenieleza somo lako, nami nimeacha vidonge vya shinikizo." Andika maneno utakayomwambia.

Zoezi la nne lifanywe kwa sauti, wawili wawili, mmoja akiwa mzazi na mwingine mwalimu, mpaka maneno yatoke bila kusitasita.